Otmar na Nchi Aliyoikariri

Ulikuwa mwaka elfu mbili ishirini na moja. Hapana, nimekosea, ni ishirini na mbili, kwa sababu sensa ilikuwa imepita na namba za chaki zilikuwa bado milangoni. Mwaka huo ndio walimchukua Otmar pale Nyarugusu, ile ya machimbo ya Geita, si ile ya kambi ya wakimbizi.

Otmar ni Msumbwa wa Masumbwe. Kazi yake kukata matimba, yale magogo yanayozuia kuta za mashimo ya dhahabu zisiwaangukie wachimbaji. Tulisoma wote shule ya misheni, mimi nikaishia darasa la nne. Mwalimu wetu alikuwa na adhabu yake: ukichelewa unapewa nchi moja ya jirani, unasimama mbele unaikariri mpaka usikosee. Mimi nilipewa Zambia, nikaisahau. Otmar alichelewa karibu kila siku, maana alipeleka kwanza ng'ombe majini. Akapewa Burundi. Akaipenda, na hata uzeeni kila alichokisikia redioni juu ya nchi ile alikiongezea humo humo.

Siku hiyo walikuja wakaguzi kutafuta wageni wasio na vibali. Otmar alikuwa amejiandikisha mara mbili, kitambulisho hakikuja. Mkubwa wao, kijana wa miwani, akaisikia lafudhi yake.

"Mzee, kwenu wapi?"

"Masumbwe."

"Mbona unaongea kama Mrundi?"

"Naongea kama mama yangu."

Watu wakacheka. Kijana hakucheka. "Haya, mlima mrefu kuliko yote Burundi unaitwaje?"

Angesema sijui, angerudi kwenye magogo yake. Lakini mwanafunzi wa mwalimu yule haulizwi nchi aliyopewa akanyamaza. Otmar akavua kofia, akasimama wima.

"Heha. Chanzo cha kusini kabisa cha mto Nile kiko kule, Rutovu. Mfalme wao aliitwa mwami, na ngoma ndizo zilikuwa alama ya ufalme wake. Wakaja Wajerumani, kisha Wabelgiji. Makao makuu yalikuwa Bujumbura, sasa ni Gitega."

"Umemaliza?"

"Bado kahawa."

"Panda gari."

Nikasema, "Mwanangu, huyu hata mpaka hajauona. Nimesoma naye." Akaniuliza cheti changu cha shule kiko wapi. Magesa, mwenyekiti wa kitongoji, alikuwa amesimama hapo hapo. Shimo lilipotitia mwaka uliotangulia, mdogo wake Magesa alitoka mzima kwa sababu matimba ya Otmar yalishika. Wakamuuliza, "Unamfahamu?" Akajibu, akiangalia viatu vyake, "Namwona tu akipita."

Akipita. Mtu aliyekula ugali wa Otmar.

Gari likaondoka. Kesho yake mkewe, Mama Justa, akafika ofisini kwa wakaguzi na cheti cha ubatizo cha mumewe amekifunga kwenye kitenge. Wakamwambia hata Warundi wanabatizwa, na kwamba mumewe ameshavushwa kwenda Burundi.

Nikamfuata Magesa nyumbani kwake. Sikuamkia, na mimi si mtu wa kuingia kwa watu bila salamu. Nikamwambia: kule Burundi hawakuulizi kijiji, wanakuuliza kilima ulikozaliwa, maana kila Mrundi ana chake. Sasa niambie wewe mwenyekiti, wakimuuliza Otmar kilima chake, atawatajia kipi?