Fimbo Isiyosikika Mkononi

Mjini Tanga wapo mafundi wa baiskeli, wa cherehani, wa redio na wa vitanda vya kamba. Fundi wa fimbo za gofu yupo mmoja tu, na hata majirani zake wa Usagara hawajui hasa anachofanya. Humwona Yona amekaa barazani na vyuma virefu vyenye vichwa vilivyopinda, anavikagua kwa jicho moja, wakadhani ni mambo ya miavuli. Jirani wa nyumba ya tatu aliwahi kumletea mwavuli kweli. Yona akautengeneza, maana kukataa kungehitaji maelezo marefu.

Ana miaka sitini na miwili. Alishuka kutoka Bumbuli akiwa kijana, akifuata kazi ya mkonge; mkonge ukamshinda, akaishia kuwa kedi, yaani mbeba mfuko wa fimbo, kwenye kiwanja cha gofu kando ya bahari. Ufundi aliupata kwa kutazama na kuharibu. Mkewe Yudith alifariki miaka sita iliyopita. Watoto wako Mwanza na Dodoma, na hupiga simu sikukuu, kila mmoja akiuliza kama anakula vizuri. Anakula. Hupika kikombe kimoja cha mchele na bado wali unabaki. Jumapili huenda kanisani kwa Walutheri, huimba besi, husalimiana mlangoni, kisha hurudi nyumbani, na sauti anayoisikia tena karibu naye ni ya bawaba ya mlango wake mwenyewe.

Mtu wake alikuwa mmoja: Mzee Sadalla wa Raskazone, wakala wa forodha mstaafu, Mdigo mwenye maneno mengi na miaka sabini na minane. Yona alimbebea mfuko kwa miaka thelathini na mmoja. Mgongo wa Yona ulipogoma, mfuko ukapandishwa kwenye kigari, na Yona akaendelea kutembea naye kila Jumamosi asubuhi kwa sababu hakuna aliyemwambia aache. Hawakuwa watu wa kutembeleana. Yona hakuwahi kuketi sebuleni kwa mzee, wala mzee hakuijua baraza ya Usagara. Lakini mambo yote ya maisha yao, ndoa, misiba, watoto, presha, walikuwa wameyazungumza kwenye zile nyasi, kati ya shimo moja na jingine.

Mwaka jana, masika yalipokwisha, vidole vya Mzee Sadalla vilianza kuvimba. Asubuhi hata kikombe cha kahawa kilimtoka. Yona akaichukua fimbo anayoipenda mzee kuliko zote, namba saba, akavua mshikio wake wa zamani na kuivalisha mwingine wa mpira mzito, mnene kama gunzi la hindi. Mkono ukashika bila maumivu, na mzee akamwombea dua ndefu hadi ya wajukuu.

Dua ilikuwa nzuri, ila tangu siku hiyo mpira ukagoma kuruka. Mara fimbo ilichimba udongo, mara ilipita juu na kuupuna mpira kichwani, ukabingirika kama ndimu iliyoanguka sokoni.

"Siisikii hii fimbo, Yona," mzee alisema.

Sasa, Kiswahili chetu kimeelemeza neno moja kazi nyingi. Tunasikia adhana, tunasikia njaa, tunasikia baridi, tunasikia uchungu. Na Mzee Sadalla alikuwa ametoka kupewa kifaa cha sikio mwezi uleule. Yona, mtu mwenye kusikia vizuri kabisa, akasikia vibaya. Akadhani mzee haupati ule mlio wa chuma na mpira, ule ambao humwambia mchezaji kwamba amepiga sawasawa. Akasugua uso wa fimbo kwa brashi ya waya. Akatafuta mipira ya zamani, migumu, inayolia. Na kila mzee alipopiga, Yona alimkaribia kwenye sikio lenye kifaa akapaza sauti: "Imelia, Mzee! Imelia!"

"Mbona unanipigia makelele? Uko milimani unaita mbuzi?"

"Nilidhani hukusikia, Mzee."

"Sijaisikia ndiyo!"

Yona alitikisa kichwa kwa huruma. Sikio la kufa halisikii dawa, alijisemea, na hakujua sikio lenyewe ni la nani. Miezi mitatu ilipita hivyo.

Baada ya Idi alikuja Najat, binti pekee wa Mzee Sadalla, mwalimu huko Mombasa. Mama yake alikwisha kufariki, na kwa mara ya tatu alikuwa amekuja kumchukua baba. Aliwakuta wamekaa kwenye benchi la shimo la kwanza. Akampa Yona shikamoo, akaenda moja kwa moja kwenye hoja.

"Baba, chumba chako kiko chini, hakuna ngazi. Hospitali iko karibu. Hata kiwanja cha gofu kipo. Unangoja nini hapa, peke yako na paka?"

"Siendi kwa watu kutazama ukuta," mzee akajibu. "Mcheza gofu asiyeweza kupiga ni gunia la chumvi tu. Unaona ule mnazi pale? Siku namba saba yangu ikiupita ule mnazi kama zamani, siku hiyo nifungie mizigo. Kabla ya hapo usinitajie Mombasa."

Najat aliutazama mnazi, akamgeukia Yona. "Ami, wewe ndiye shahidi."

"Nimesikia, mwanangu," Yona akasema, na moyoni akatulia. Mzee alikuwa hajaukaribia ule mnazi tangu masika.

Jumamosi iliyofuata mzee alipiga mara nne, zote ovyo. Yona alipoinama sikioni kwake kumpa habari za mlio, mzee alichomoa kile kifaa akakitia mfukoni.

"Mkononi, Yona! Nasema mkononi! Masikio yangu hayana habari na gofu. Nikiinua hii fimbo sijui kichwa chake kiko wapi. Ni kama nimeshika mpini wa jembe lililochomoka."

Yona alisimama pale akiwa na haya mpaka kwenye nyayo. Yeye Msambaa, mtoto wa wakulima, ndiye wa kuambiwa habari za jembe na mtu wa forodha.

Alasiri hiyo aliichukua fimbo nyumbani, na barazani akatoa mzani wake. Si mzani wa dukani. Ni ubao wa mninga aliouchonga mwenyewe, wenye egemeo la chuma. Fimbo hulazwa juu yake, egemeo likiwa inchi kumi na nne kutoka mwisho wa mshikio, upande mmoja mkono na upande wa pili kichwa, kisha husogezwa kijiwe mpaka pande zote zitulie. Mzani wa jikoni husema fimbo ina uzito gani. Huu wa mninga husema mkono utasikia uzito gani, na hayo ni mambo mawili. Ukiongeza uzito kwenye kichwa, mkono unaujua mara moja, hata ukiwa mdogo. Ukiongeza kwenye mti wa fimbo, yaani ule ufito wake mrefu uliotandaa pande zote mbili za egemeo, kichwa huonekana kizito kidogo tu. Lakini ukiongeza kwenye mshikio, nyuma ya egemeo, unakisaidia kichwa kuinuka. Fimbo inakuwa nzito zaidi jikoni na nyepesi zaidi mkononi.

Ule mshikio mnene ulizidi wa zamani kwa gramu thelathini. Gramu thelathini, uzito wa vijiko vichache vya sukari, ndizo zilizokuwa zimekizima kichwa cha namba saba. Na aliyeziweka ni yeye.

Tena aliijua dawa yake. Ndani ya sanduku lake mlikuwa na mshikio wa sponji, mnene vilevile lakini mwepesi, ulioachwa na mchezaji mmoja aliyehama. Mlikuwa na mti wa fimbo mwepesi, usio wa chuma, ambao mkono wa mzee ungeweza kuuinua bila kuhema. Mti mwepesi nao ungepunguza kichwa, basi angekirudishia kwa madini ya risasi kidogo nyuma yake. Kazi ya nusu siku, na siku moja ya gundi kukauka.

Akaifungua gundi. Halafu akaufikiria mnazi, akaifunga.

Tusimseme vibaya. Alikaa pale barazani na fimbo mapajani, akaziona Jumamosi zake zote zilizobaki zimepangana tupu mpaka mwisho, na akaogopa. Hakuogopa njaa wala ugonjwa. Aliogopa kwamba atakaa wiki nzima bila mtu wa kumwambia jambo lolote, kisha wiki nyingine. Mzee akipona mkono, anakwenda. Asipopona, anabaki. Hesabu ilikuwa nyepesi na ilimtia aibu.

Jumamosi akairudisha fimbo ilivyokuwa.

"Vipi, umeona ugonjwa wake?" mzee akauliza.

"Nimeuona, Mzee. Ila gundi niliyonayo haikauki vizuri na unyevu huu. Tuvute subira kidogo."

"Haya. Subira yavuta heri."

Wakatembea. Mzee alipiga vibaya shimo la kwanza na la pili. La tatu aliinua fimbo, ikamchezea mkononi, akapiga hewa, akayumba mpaka Yona akamdaka kiwiko. Wachezaji wawili waliokuwa wakingoja nyuma waligeuza nyuso zao upande wa bahari, kwa adabu, na adabu hiyo ilimuumiza mzee kuliko kicheko. Akakaa kwenye nyasi taratibu, kwa mafungu, kama mtu anayeketi msibani.

"Chukua mfuko, Yona. Wagawie kedi, fanya utakavyo. Mimi basi."

"Mzee, ni fimbo tu."

"Si fimbo. Nimekwisha mimi. Jumamosi ijayo usinisubiri."

Hapo ndipo Yona alipoiona hesabu yake ilipokosea. Alikuwa akijiwekea mzee wa Jumamosi, na huyo hakuwepo tena. Aliyebakia ni mtu aliyekaa chini akitazama viatu vyake, na mtu huyo alitengenezwa na Yona mwenyewe, safari hii kwa kusudi.

Hakungoja hata chakula. Mchana uleule alikipasha moto kichwa cha namba saba kwenye jiko la mkaa mpaka gundi ya zamani ikaachia, akauchomoa mti wa chuma, akatia ule mwepesi. Akavua mpira mzito, akavalisha sponji. Risasi aliipata kwa wauza nyavu. Ni ile ya kuzamishia nyavu; akaiponda kwa nyundo mpaka ikawa bapa, akaikata vipande na kuibandika nyuma ya kichwa, kimoja baada ya kingine, akirudi kwenye ubao wa mninga kila mara. Gramu kumi na mbili. Ubao ukatulia palepale ulipokuwa ukitulia kabla ya vidole kuvimba. Kwenye mzani wa jikoni fimbo ilikuwa imepungua sana, na mkononi kichwa kilikuwa kimerudi nyumbani. Gundi ilikauka siku moja, kama kawaida yake.

Jumatatu asubuhi alikwenda Raskazone, akabisha hodi kwa mara ya kwanza katika miaka yote ile.

"Shikamoo, Mzee. Njoo uijaribu. Mara moja tu."

Mzee alitaka kukataa, lakini fimbo ilikuwa imekwisha kuwekwa mkononi mwake, na mkono ukatangulia. Aliichezesha kushoto, kulia. Walikwenda kiwanjani wakiwa wawili tu, umande haujakauka. Alipiga mpira mmoja, akazoea. Wa pili uliruka, ukaupita mnazi, ukaangukia nyasi za mbele.

"Naisikia," mzee alisema, akilia waziwazi kama mtoto. "Yona, wallahi naisikia."

"Nimeona, Mzee."

"Umeona ulipopita?"

"Nimeuona mnazi."

Walitazamana. Mzee Sadalla hakuwa mtu wa kuvunja neno alilolitoa mbele ya shahidi.

Najat alipigiwa simu, akaja na gari Alhamisi. Mizigo haikuwa mingi: masanduku mawili, msahafu, paka ndani ya kikapu, na mfuko wa fimbo uliolazwa kiti cha nyuma. Yona alisaidia kupakia. Mzee alimvuta pembeni ya geti.

"Msambaa wewe. Umenifanyia kazi miaka yote hii, unadhani sijui gundi yako inakauka siku ngapi?"

Yona alikosa pa kuweka mikono. "Nisamehe, Mzee."

"Nisamehe wewe. Nilijua, na sikukuuliza. Nami nilikuwa naitaka wiki moja zaidi ya kubaki hapa."

"Baba, twende," Najat akaita. "Mpakani Horohoro kuna foleni."

Gari likaondoka. Yona alisimama getini mpaka jirani mmoja akamuuliza kama anatafuta mtu, akasema hapana.

Jumamosi miguu ilimpeleka kiwanjani yenyewe. Hakuwa na fimbo wala kigari. Aliowakuta walimwamkia "habari, fundi," akaitikia, akaingia kwenye nyasi, akalipita shimo la kwanza, la pili, la tatu. Alipozunguka kurudi, karibu na mnazi alisimama, kwa sababu aligundua kitu. Njia yote alikuwa ametembea polepole, kwa mwendo wa mtu wa miaka sabini na minane, kushoto kidogo na hatua mbili nyuma, nafasi yake ya siku zote, na mbele yake hapakuwa na mtu.