Farasi Aliyegeuza Shingo

Juzi, kwenye mashindano ya farasi ya walowezi huku Mbozi, nilisimama nje ya kamba pamoja na saisi mmoja, mtunza farasi mtu mzima. Yeye ndiye aliyemlea farasi mchanga aliyekuwa anaingia uwanjani kwa mara ya kwanza, akamfundisha kuruka magogo kwa kutangulia kuruka mwenyewe.

Siku hiyo farasi alipandwa na bwana, mlowezi mwenye mali. Kwenye gogo la kwanza akasimama, akageuza shingo kututazama. Akachapwa, hakuruka.

“Mwite, baba,” nikamnong’oneza saisi.

Alikuwa anakunjakunja kofia yake. “Tumekatazwa kusema.”

Bwana akaja amevimba kwa hasira. “Hukumfundisha kitu. Kesho anauzwa.”

“Ndiyo, bwana.”

Nimefundisha shule ya misheni miaka mingi, wasomaji, na mwanafunzi mtiifu kama farasi yule sijampata: alikuwa anamngoja mwalimu atangulie.