Samaki wa Kivuko Kisichokuja

Kwa miaka mingi nilikula kutokana na kusubiri kwa watu wengine. Kigongo ilikuwa hivyo. Gari likifika kwenye kivuko cha kwenda Busisi, liliingia kwenye foleni, abiria wakashuka, wakanyoosha miguu, na baada ya muda wakaanza kuona njaa. Sisi wakaanga samaki tulikuwa pale tangu alfajiri, na saa yetu ilikuwa honi. Kivuko kikipiga honi upande wa pili, unajua kinaondoka, unatia samaki kwenye mafuta. Kikigusa gati la upande wetu, sato yuko tayari, ngozi imekauka, na anayeshuka anamkuta wa moto. Ukitia mapema unauza samaki baridi. Ukichelewa, watu wameshapanda magari yao.

Shule niliiacha kidato cha pili, baba alipomfuata mama kaburini. Siku ya kuanua matanga wazee walinikalisha kwenye kigoda mbele ya ndugu na majirani, wakawaambia wadogo zangu wawili kwamba tangu siku hiyo mimi ndiye baba yao na ndiye mama yao. Mdogo wangu wa kiume, ambaye alikuwa hajaanza hata darasa la kwanza, alisukumwa mbele anisalimie. Akasema shikamoo, nami nikaitikia marahaba kwa sauti ambayo sikuijua. Yule wa mwisho, wa kike, alikuwa amelala mgongoni kwangu.

Daraja la kuvukia hadi Busisi lilipofunguliwa nilifurahi kama wengine. Siku za kwanza watu walitembea juu yake kwa miguu, wakipiga picha. Kisha magari yakaanza kupita moja kwa moja na kivuko kikaacha kuja. Wenzangu waliondoka mmoja mmoja. Yule niliyekaa naye ubavuni miaka yote, mwanamke wa sauti kubwa anayemtania hata padri, alihamia Mkuyuni, mjini, karibu na soko. Aliniambia twende wote. Nikamwambia nitaangalia kwanza.

Nikaendelea kwenda kivukoni. Naona haya hata kuliandika. Sikutumaini kwamba kivuko kitarudi. Nilikuwa na akili zangu. Lakini kulipopambazuka niliamka, nikabeba kuni na karai, nikashuka. Honi haikuwepo, kwa hiyo nilikisia: sasa kingekuwa kinaondoka Busisi, sasa kingekuwa katikati ya maji. Nilitia samaki kwenye mafuta kwa ajili ya chombo kilichobaki kichwani mwangu tu. Waliopita pale walikuwa wavuvi, na mvuvi atanunuaje samaki?

Jioni nilirudi na beseni zima la samaki. Mdogo wangu wa mwisho, ambaye sasa yuko kidato cha nne, alifurahi. Zamani sato wakubwa walikuwa wa kuuza na sisi tulikula dagaa.

"Dada, siku hizi tunakula kama wabunge," alisema.

Nikamwambia nimekaanga wengi mno. Kesho yake nikasema hivyo hivyo, na keshokutwa pia. Mwishowe aliacha utani, akawa anakula ameinamisha kichwa. Nikajua anajua.

Mwenzangu wa Mkuyuni akanipigia simu. Nafasi ya kukaangia iliyokuwa jirani naye ilikuwa wazi, ila kuna mwanamke mwingine anaitaka. Angenishikia mpaka Jumatatu, zaidi ya hapo asilaumiwe. Nilimjibu kwamba haiwezekani. Nina nyumba ya baba, nina mtoto anayekaribia mtihani, sina jinsi. Akasema haya, lakini Jumatatu ni Jumatatu. Sikumwambia mtu yeyote kuhusu simu ile.

Mdogo wangu wa kiume anasoma falsafa katika chuo kimoja mjini. Majirani wakiniuliza atakuwa nani akimaliza, huwa nasema mwalimu, maana jibu lenyewe silijui. Jumamosi ile alikuja nyumbani, akanisalimia, akakaa jikoni nikiwa namenya vitunguu. Huwa ananisimulia masomo yake, nami nampenda kwa hilo. Safari hii lilikuwa somo linaloitwa udhanaishi. Alisema fundi aliyetengeneza karai langu alijua litafanya kazi gani kabla hajashika nyundo. Mtu si hivyo. Mtu anakuwepo kwanza, halafu kwa anayoyatenda anajifanya kuwa nani, na hata akikaa bila kufanya chochote, basi amechagua kukaa.

Nikamwambia wanaosema hayo hawajaachiwa watoto wa kulea. Akacheka, akasema huenda ni kweli.

Akaendelea na habari ya wakati. Kwa watu hao, alisema, wakati si ule wa saa ya ukutani peke yake. Mtu anaishi akielekea kitu kilicho mbele yake, na ndiyo maana anaweza kukaa mahali na asiwepo pale. Umbali nao hauko kwenye ardhi tu. Hilo nilimwelewa. Busisi nimeiona maisha yangu yote, mabati yake na moshi wake, na ilikuwa mbali. Leo basi linafika kule kabla abiria hajamaliza kula ndizi, na maji hayajapungua. Nilimwambia hivyo, akatabasamu kidogo tu, tofauti na kawaida yake.

Akasema kuna sehemu nyingine, inahusu aibu. Mtu anaimba peke yake njia ya shambani, hana habari na sauti yake, mpaka mtu mwingine atokee kwenye kona. Hapo ndipo anajiona, kwa macho ya yule mwingine.

"Nilikuona, dada," akasema.

Nikamuuliza wapi.

"Juzi. Tulikuwa tunakwenda Sengerema kumzika baba wa mwenzetu. Tukiwa juu ya daraja nikaangalia kule kivukoni. Ulikuwa unapuliza moto." Akashika ganda la kitunguu, akaliachia. "Hapakuwa na mtu. Wenzangu wakauliza yule mama anamkaangia nani. Nikasema simjui."

Ningeweza kusema mengi. Nilichofanya ni kukimbilia maneno ya wazee ya siku ile ya kigoda.

"Humjui baba yako? Humjui mama yako?"

Alipiga magoti kwenye sakafu ya jikoni, kijana mzima mwenye ndevu, akaniomba msamaha huku machozi yanamtoka. Nilimwacha pale nikatoka nje.

Sikuwa na hasira naye, na hilo ndilo lililonitesa. Yeye alikuwa ametoa aibu yake na kuiweka mezani, nami nikaichukua kufunikia yangu. Nilijaribu kujiangalia kutoka kule juu alikokuwa: mwanamke mdogo kama punje, anapuliza moto kwenye ufukwe mtupu. Hata mimi ningeulizwa ningesema simjui. Na hakuna aliyemweka pale. Wazee walinipa watoto, hawakunipa kivuko. Mtihani wa mdogo wangu haukuhitaji nikae ufukweni. Nilikuwa nimewafanya wadogo zangu kuwa ukuta wa kujificha nyuma yake, na yule wa mwisho akila samaki wangu kimya kimya ili nisiaibike.

Niliporudi ndani, mdogo wangu wa mwisho alikuwa amesimama mlangoni, amesikia yote. Nikamwambia kaka yake ainuke. Nikawaambia nafasi ipo Mkuyuni, na mimi ndiye niliyeikataa.

"Kwa nini, dada?" akauliza wa kiume.

"Hapa kila mtu ananijua. Kule nitakuwa nani?"

Nilidhani atakuwa na jibu la darasani.

"Utakuwa muuza samaki mgeni," akasema yule wa mwisho. "Utazoea. Mimi nina miaka kumi na saba, uji naweza kujipikia."

Jumatatu niliondoka na mdogo wangu wa kiume; wa mwisho alibaki nyumbani na shule yake. Kaka yake aling'ang'ania kubeba karai, na masizi yakamchafua shati jeupe kabla hatujafika sokoni. Nilitaka kumnyang'anya, nikamwacha. Mwenzangu alipotuona alianza kuwatangazia majirani kwa sauti yake ile kwamba huyu ni yatima, aliacha shule, amelea wadogo zake kwa mikono mitupu. Nimesimuliwa hivyo mara nyingi na zamani nilipenda. Nikamwomba anyamaze.

"Sasa niwaambie nini?" akauliza.

"Waambie nimekuja kuuza samaki."

Mwanamke muuza nyanya aliyekuwa mkabala nami akanipima kuanzia viatu hadi kilemba, akaniuliza kama nina uzoefu. Uso uliniwaka moto. Nikasema kidogo. Mdogo wangu akaweka karai chini, akabaki amesimama pembeni, ananitazama nikihangaika na mkaa ambao sikuuzoea. Sikumwambia aende darasani. Nilimwacha anitazame.