Directeur wetu alitangaza kifo cha mtu wa kwenye mchezo wa redio, bamama wa Baraka wakaja kufanya matanga kweli

Wakuu, nawasalimu wote toka Baraka, Fizi, upande huu wa Kongo wa ziwa Tanganyika.

Haya ninayoandika niliyaona kwa macho yangu, na mashahidi wake wako sokoni kila asubuhi. Anayebisha apande boti aje awaulize. Kiswahili changu ni cha huku, Kifaransa kitaingia humo, mutanivumilia.

Mi ni mwandishi wa michezo ya redio. Msiniulize kama hiyo ni kazi. Mama yangu mzazi mpaka leo akiulizwa anasema, "Anasaidia-saidia pale kwenye redio."

Redio yetu ni ndogo. Studio ni chumba kimoja, ukutani tumepigilia mablanketi ili sauti isirudi. Jogoo wa jirani akiwika wakati tunarekodi, tunaanza upya.

Kila Alhamisi jioni tulikuwa na hadithi ya upelelezi, naiandika mimi, inaitwa Mikro ya Damu. Mikro huku ni maikrofoni.

Niwape kwa kifupi, maana bila hiyo hamtaelewa mbele.

Kuna mwandishi wa habari anaitwa Flash. Penye maiti, Flash ndiye anafika wa kwanza. Polisi hawajafika, ndugu hawajafika, yeye yuko pale na mikro anamuuliza mjane: "Mama, unajisikia namna gani?"

Mwanzoni alikuwa anafika tu. Halafu wasikilizaji wake wakanogewa. Siku ambayo mji umelala salama, Flash hana cha kusema. Ndipo akaanza kusaidia habari itokee. Anamwambia mvuvi huyu, yule kakukatia nyavu. Anaenda anakaa pembeni, anangoja, mikro iko tayari.

Aliyemshtukia ni Mama Wabiwa, muuza ndagala, dagaa wa ziwa letu.

Huyu Mama Wabiwa, wakuu! Mbea, mcheshi, anachokozana na wateja, na huwezi kumdanganya. Sauti yake aliitoa Riziki, ambaye mchana ni fundi wa kushona. Sijawahi kuandika mtu nikampenda vile. Nilikuwa naandika huku nacheka peke yangu, mke wangu ananiangalia tu na kutikisa kichwa.

Nilichokuwa nataka ni kitu kimoja. Huku kwetu damu hatuisomi vitabuni, kila familia iko na mtu wake aliyepotea. Lakini habari zetu zikitajwa huko kwenye redio kubwa, inasomwa hesabu ya waliokufa, halafu muziki. Hasira hiyo ndiyo niliiweka ndani ya Flash.

Sasa shida.

Directeur wetu, mkuu wa redio, nimuite Asukulu. Mtu mwema kabisa, mcheshi, shati lake limepigwa pasi mpaka unaogopa kumkaribia. Ila redio nyingine ya hapa mjini ilianza kusoma mauaji kwa sauti nzito na muziki wa kutisha, na wasikilizaji wakaanza kutuhama. Asukulu akachanganyikiwa.

Akawa kila nikileta karatasi ananiuliza, "Hii episodi iko na maiti ngapi?"

"Mumoja, Directeur."

"Ongeza."

Naongeza. Ilifika mahali mji wangu wa kubuni ukakaribia kuishiwa wavuvi.

Jumatatu moja akaniita bureau, ofisini kwake. Akafunga mlango. Akasema, "Alhamisi hii Mama Wabiwa afe. Kwa panga. Na Riziki apige kelele muda murefu, batu basikie."

Nikamwambia, "Directeur, huyu mama ndiye peke yake anamujua Flash. Akikufa, Flash ameshinda."

"Ndiyo vizuri! Batu watazungumza mujini wiki muzima!"

"Mi siwezi kuandika hiyo."

"Basi emisheni inafungwa, hakuna kipindi tena. Chagua."

Wakuu, niliumia. Miezi yote ile nilikuwa nalaani biashara ya damu, sasa nimalizie kwa kuiuza mwenyewe, na mtu wa kuchinjwa awe Mama Wabiwa? Nikaenda kwa Riziki, nikamkuta kwenye cherehani yake. Hakuinua hata kichwa. "Mi sipigi hizo kelele," akasema. "Nililiaka za kweli tulipokimbia vita. Siwezi kuzifanya za mchezo."

Nikalala nikijua Mikro ya Damu imekwisha.

Kumbe Directeur hakungoja jibu langu.

Hapa lazima niwaeleze kitu. Redio zetu za huku ziko na saa ya komunike. Asubuhi mtangazaji anasoma: mbuzi kapotea, mkutano wa wazazi wa shule, na zaidi ya yote, vifo. Jina la marehemu, jina la familia, na mahali matanga yanafanyikia. Kwa sehemu nyingi ndiyo njia pekee ndugu wa Lubondja atajua kwamba mtu wake wa Baraka hayupo tena. Ikifika saa hiyo hata mlevi ananyamaza. Ukisikia mahali pa matanga na unamjua marehemu, unakunja mkeka unaenda.

Jumatano asubuhi mi nakunywa chai, namsikia Asukulu mwenyewe, na ule muziki wa huzuni chini yake:

"Familia ya wauza ndagala iko na huzuni kubwa kutangaza kifo cha Mama Wabiwa, kilichotokea ghafla. Matanga yanafanyikia kwenye parcelle, uwanja wa redio yenu. Habari iwafikie ndugu na marafiki walioko Nundu, Lubondja, Kazimia na popote walipo."

Chai ilinitoka puani.

Nikakimbia. Nikamkuta ametoka studio, anacheka, anasugua mikono. "Publicité ya kuvuta batu namna hii umeonaka wapi? Kesho jioni hakuna redio itasikilizwa isipokuwa yetu!"

Hakumaliza kucheka. Getini wakaingia bamama wawili na mikeka kichwani.

Wakatandika katikati ya uwanja, wakavua viatu, wakakaa. Nyuma yao wakaja watano. Halafu wakaja wa soko la ndagala, kundi zima, wengine na masufuria. Mmoja akaweka mafiga matatu chini ya dirisha la studio. Wakaanza wimbo wa kanisa, Wakatoliki kwa Waprotestanti, kila mmoja na ubeti wake, ikawa vurugu tamu sana.

Wengi walijua vizuri ni mchezo. Lakini si wote.

Alikuja mama mmoja mkimbizi wa Burundi, katoka shambani na udongo miguuni, analia machozi ya kweli. Akakaa karibu na wale wa ndagala, na hata walipomweleza hakuacha kulia. Akaja na papa mmoja wa Nundu juu ya pikipiki, anauliza ni Wabiwa gani, maana yeye iko na mtoto wa dada yake wa jina hilo hapa Baraka. Nikamwambia ni wa kwenye mchezo. Akakaa chini apumue, halafu akatutukana vizuri sana, mimi na redio na mtu aliyevumbua redio. Alipomaliza akaomba maji, akabaki.

Asukulu akatoka mlangoni, mikono juu. "Bamama! Bamama! Ni mchezo! Murudi nyumbani!"

Ghafla akaona kitu. Mikono ikashuka. Macho yakaenda chini kwenye vidole vyake vya miguu.

Katikati ya mkeka, kitenge kimefungwa kiunoni, miguu imenyooshwa, alikuwa amekaa Mama Nyassa. Mama yake mkwe.

Nyie mnaoishi mijini labda mmesahau. Huku mukwe hamwangalii mama mkwe machoni. Hampandishii sauti. Kumfukuza ndiyo kabisa, hata kwenye ndoto haitokei. Na penye matanga aliyoyakalia mama mkwe, mukwe hakai kwenye kiti kama mgeni. Kuni ni zake. Maji ni yake.

"Papa Neema," Mama Nyassa akamwita Asukulu kwa jina la mtoto wake wa kwanza, kwa upole kabisa. "Kuni haziko."

"Mama, lakini hii..."

"Kuni, Papa Neema."

Wakuu, nimewaona watu wakubwa wakishuka cheo, ila sijaona kama siku ile. Directeur na shati lake la pasi akaenda kwa jirani kuomba shoka. Alipasua kuni zile mbele ya wafanyakazi wake wote. Technicien wetu, fundi wa mitambo, alicheka mpaka akaenda kujificha nyuma ya jenereta. Bamama walijifunika vitenge usoni, mabega yanaruka, na bado wanaimba!

Akamaliza kuni, akatumwa maji. Akaleta maji, akaambiwa hayatoshi.

Mchana bugali uliiva, na ndagala, na sombe, kisamvu cha huku. Mi nilikula sahani mbili, sina aibu. Watu wa barabarani walikuwa wanaingia kuuliza nani kafa, wanapewa sahani, wanakaa. Kama siku zote matanga yangekuwa hivyo ningehama nyumbani.

Baada ya kula, Mama Nyassa akapiga makofi mara moja, wote wakamgeukia.

Matanga yetu yako na kitu hiki: kabla watu hawajatawanyika, aliyetangaza kifo anasimama anaeleza. Alikuwa nani. Aliugua nini. Nani alikuwa naye. Usipoeleza, watu hawaondoki, maana kifo kisichoelezwa kinazaa maneno.

"Papa Neema, wewe ndiye ulitangaza. Simama utueleze."

Asukulu akasimama. Shati limelowa, vibanzi vya kuni kichwani. "Mama... ni mutu wa mchezo. Hakuwa mutu wa kweli."

"Najua ni mchezo. Mi si mutoto. Tangazo ndilo si mchezo." Hakupandisha sauti hata kidogo. "Papa Neema, watoto wangu wawili nilizika. Ile siku hakuna redio ilikuja kuuliza majina yao. Tulisikia tu, kumekufa batu kadhaa, halafu wakapiga muziki. Huyu Mama Wabiwa alikuwa anaingia nyumbani kwangu kila Alhamisi ananichekesha. Sasa na yeye mumemuua. Nauliza kama mutu yeyote wa matanga. Aliuguaka nini?"

Hakuna aliyecheka tena. Nilisikia kuni zikipasuka kwenye mafiga.

Nilijua habari za wale watoto wake wawili, kila mtu wa mtaa anajua. Asukulu alikuwa shemeji yao.

Nilifikiri atakimbia. Halafu akasema, bado anaangalia chini:

"Hakuugua, Mama. Ni mimi nilisema afe. Niliona batu wanapenda kusikia damu, nikataka wabaki kwetu. Ni hivyo tu. Hakuna sababu ingine."

"Nani alikuwa naye?"

"Hakuna. Alikuwa peke yake na mimi."

Mama Nyassa akamwangalia mkwe wake sana. Yeye ndiye anaruhusiwa kuangalia. "Aksanti kwa kusema," akajibu. "Sasa mufufue, tuoshe masufuria."

Uwanja ulipasuka kwa vigelegele! Yule papa wa Nundu alirusha kofia. Riziki, aliyekuwa kakaa nyuma, akainuka akapaza sauti ya Mama Wabiwa: "Kwani mi nilikuwa nimeenda wapi? Ndagala zangu nani kazigusa?" Mama wa Burundi alicheka na machozi bado yako mashavuni. Ningekuwa na uwezo ningemkumbatia kila mtu pale.

Jioni ile nikaandika episodi ya Alhamisi kwa kukaa mara moja. Haikuwa na panga wala kelele. Mama Wabiwa anamkalisha Flash kwenye mkeka, mji mzima umekaa, anamuuliza juu ya kila maiti aliyowahi kuitangaza: alikuwa nani, aliugua nini, nani alikuwa naye. Flash hana pa kukimbilia. Mwisho anakiri kwamba ni yeye aliyekuwa akiwachochea.

Tulipofika kurekodi, yule kijana wetu wa kuigiza Flash akajaribu maneno ya mwisho mara nyingi, hayatoki. Yalikuwa yanasikika kama mtu anasoma. Asukulu alikuwa amesimama mlangoni. Akasema, "Nipe karatasi."

Akaingia akayasema mwenyewe. Jogoo aliwika katikati, hakuna aliyethubutu kuanza upya. Ndivyo ilivyokwenda hewani, na jogoo wake.

Kama wasikilizaji walirudi wote? Sijui. Wengine bado wako kule kwa muziki wa kutisha. Emisheni haikufungwa, hiyo naweza kuwaapia, na mi naandika hadithi nyingine.

Nilichojifunza, wakuu, nitawapa kama nilivyokiona. Wiki kadhaa baadaye nilikuwa bureau kwa Asukulu, simu ikalia, akaiweka sauti kubwa. Ni mwandishi wetu mmoja, yuko Kazimia, anahema kwa furaha. "Directeur, niko na kitu ya moto! Vita vya wavuvi, wawili wamekufa, mi nimefika wa kwanza! Niingie antenne, niende hewani sasa hivi?"

Asukulu akauliza, "Wanaitwa nani?"

"Majina sina, Directeur. Lakini niko na sauti ya mke wa mumoja analia."

"Ifute hiyo sauti," akasema Asukulu. "Weka mikro ndani ya mufuko, uende ukakae nao kwenye mkeka. Wakikueleza walikuwa akina nani, basi unipigie."

Haya, uwanja ni wenu. Redio na televisheni za kwenu zikifika kwa wafiwa zinauliza nini kwanza? Na wale wa kusema mchezo wa redio hauwezi kukulisha bugali, karibuni Baraka mseme hilo mbele ya Mama Nyassa.