Siku Mwalimu Bualem Alipogonga Mkeka

Aisee, nimewahi kumwona mtu wa mkanda mweusi akisalimu amri na hakuna hata aliyemgusa.

Naitwa Nasser, kinyozi hapa Guelma, Algeria. Binti yangu Ikram alikuwa anajifunza judo kwa Mwalimu Bualem, kwenye ukumbi wa shule yao ya msingi. Jamaa alifundisha bure kila jioni akitoka kiwandani.

Somo la kwanza kwa kila mtoto lilikuwa lile lile. Mwenzako akigonga mkeka mara mbili, amezidiwa. Muachie palepale, hata kama ulikuwa unashinda.

Mwaka jana nyonga ikaanza kumsumbua. Akaja kunyoa, kushuka tu kitini ikawa kazi.

"Nasser ndugu yangu, nyie wazazi nitafutieni msaidizi. Hata wa siku mbili kwa wiki. Nimechoka."

"Uchoke wewe? Simba mzima!" nikamwambia. "Tulia, tunakuja kukuunga mkono."

Na kweli tulimuunga mkono. Kamati niliiunda mimi, tena kwa mbwembwe. Tukachapisha fulana zenye sura yake. Kila Ijumaa akapelekewa sinia la kuskusi nyumbani. Tukamsifia mtandaoni mpaka wazazi wa mitaa mingine wakaleta watoto wao, darasa likafurika.

Msaidizi? Kila mtu alikuwa na shughuli zake.

Mwishowe Bualem akatuita ukumbini, wazazi na watoto. Tulimkuta amekaa mkekani, maana kusimama kulikuwa kunamuuma.

"Jamani, mimi nimefika mwisho," akasema.

Weee! Ukumbi ukalipuka.

"Haiwezekani, mwalimu! Watoto wataenda wapi?"

"Tuko nyuma yako!"

"Wallahi humu hutoki!"

Hiyo ya mwisho ilikuwa yangu. Watu wakacheka, wakapiga makofi.

Akajaribu kuongea, makofi yakammeza. Akajaribu tena. Kisha akanyoosha mkono, akagonga mkeka.

Pa, pa.

Sisi wazazi tukadhani anaomba tunyamaze amalizie hotuba. Tukazidisha makofi.

Watoto hawakupiga makofi. Walisimama wote, wakamwinamia mwalimu wao, halafu wakaanza kukunja mikeka.

Nikamdaka Ikram. "We mtoto, mnafanya nini? Nani kawatuma?"

"Baba, si amegonga?" Machozi yalikuwa yanamtiririka. "Muachieni."

Jamani, sijawahi kuona aibu kama ile. Mikono ikashuka, tukabaki tunaangalia watoto wakibeba mikeka kuipeleka stoo.

Hajapatikana mwingine. Ule ukumbi sasa umejaa madawati mabovu. Ikram anashinda na simu, na sare yake ya judo haimtoshi tena.

Juzi nilimkuta Bualem mkahawani, na fimbo yake.

"Kuna aliyejitokeza?" akaniuliza.

"Bado, mwalimu."

Akaitikia kwa kichwa, akarudi kwenye kahawa yake.

Boksi la fulana zilizobaki liko hapa dukani kwangu. Nazitumia kufutia mashine za kunyolea.

Kama mtaani kwenu kuna mwalimu wa namna hii, acheni makofi. Akisema amechoka, mwaminini siku hiyo hiyo, na mmoja wenu avae viatu aende kumsaidia. Sisi tulimpenda Bualem sana, na ndani ya ukumbi ule waliomsikia ni watoto peke yao.