Mtambo wa Baba Uliokosa Jibu

Wiki iliyopita nilipeleka simu yangu kwa fundi mmoja pale Ukunda, kijana wa bara mwenye meza yake mbele ya duka la dawa. Alipogusisha ncha ya chuma cha moto kwenye uzi wa risasi wa kuungia nyaya, ukapanda moshi mwembamba wenye harufu ya utomvu wa kuungua, nami nikajikuta nimeuficha mkono wangu wa kushoto nyuma ya mgongo. Kijana akaniuliza, "Mathe, uko sawa? Mkono una shida?" Nikamwambia sina shida yoyote. Ningeanzaje kumweleza kwamba pua yangu ilikuwa imenirudisha Msambweni, kwenye chumba cha uani cha baba yangu, ambako mkono wa kushoto ulikuwa na sheria zake? Yeye alikuwa na wateja wanaosubiri. Ninyi mna nafasi, basi nitawaeleza ninyi.

Baba alikuwa fundi wa jenereta katika hoteli moja ya Diani. Kabla sijazaliwa alikuwa amefanya kazi ya redio melini, akipeleka na kupokea habari kwa zile alama za kugonga, fupi na ndefu. Alipoacha meli alirudi nyumbani na mtambo wa kurushia mawimbi, kabati la chuma la rangi ya majivu lililomzidi yeye umri. Akaomba leseni, akaitundika ukutani karibu na picha ya harusi yake, na kila Jumapili asubuhi akawa anazungumza kwa kugonga na mzee mmoja wa Shelisheli. Hawakuwahi kuonana. Waliambiana habari za mvua, habari za afya, na zaidi ya yote habari za mitambo yao mikongwe, ilipouma na dawa iliyoisaidia. Mama aliuita ule mtambo mke mwenza. Alisema angekuwa mke mwenza wa kweli angalau angesaidia kukuna nazi.

Na kweli ulitaka kubembelezwa. Ndani yake mlikuwa na vali, zile taa za kioo zinazowaka wekundu hafifu zikipata moto. Hewa yetu ya chumvi iliitia shaba yake kutu ya kijani. Msimu wa mvua sisimizi walihamia humo na mayai yao, na mjusi mmoja aliwahi kufia mahali ambapo hatukupaona, ikabidi tumvumilie hadi harufu ikaisha yenyewe. Hukuweza kuuwasha kwa pupa. Ulizipa vali moto kwanza, ukangoja zikolee, ndipo ukaruhusu umeme mkubwa uingie. Mimi, mtoto wao wa pekee, ndiye niliyeshika tochi na kuingiza vidole pale ambapo vyake havikupenya.

Sheria ilikuwa hivi: kifuniko kikishafunguliwa, mkono wa kushoto hauna kazi. Umeme ukiingia mkono mmoja ukatokea mwingine, unapitia moyoni. Baba aliuchomeka wake kwenye kikoi, mimi nikauweka wangu mgongoni kwa kuwa gauni langu halikuwa na mfuko. Hata baada ya kuuzima, mtambo ulibaki umeficha umeme kwenye kapasita zake, kwa hiyo baba alizigusa kwanza kwa fimbo ya mwanzi yenye ndoano ya shaba, iliyofungwa waya wa kwenda ardhini. Ilitoka cheche moja kali, kisha kimya. "Amelala sasa," alikuwa akisema, "lakini usimwamini."

Nilipokuwa darasa la tano, mzee wa Shelisheli alinyamaza. Baba aligonga, akasubiri, akagonga tena, akatoka chumbani na uso uliokunjamana. Jumapili iliyofuata ikawa hivyo hivyo, na nyingine baada yake. Mimi Jumapili asubuhi nilikuwa chuoni nikisoma Kurani, kwa hiyo habari nilizipata mezani. "Natuma, lakini sifiki," alimwambia mama. Sijapata kumsikia akisema neno kwa unyonge kama ule.

Siku zile zile likanipata langu. Kila asubuhi kabla ya kwenda shule nilisimama kwenye mlango wa chumba cha uani, nikainamisha macho na sauti kama nilivyofundishwa, nikasema, "Shikamoo baba." Naye aliitikia, "Marahaba, mwanangu," huku amekiinamia kidude fulani mezani. Sasa marahaba ikakatika. Niliamkia, nikangoja, nikasikia bisibisi tu. Mnaojua pwani mnajua uzito wa jambo hilo. Mzazi kukunyima marahaba ni kukuambia kwamba hana radhi nawe. Na mkubwa akishanyamaza, mtoto harudii neno, maana kurudia ni kama kumtolea macho. Nikawa naondoka na mkoba wangu, njia nzima nikiyapitia makosa yangu. Nilikuwa nayo ya kutosha. Kwa mama sikuthubutu kusema, kwa sababu angeniuliza nimefanya nini, na hilo ndilo swali nililokuwa nalitafutia jibu. Mwishowe nikakata shauri kwamba hasira yote ni ya mtambo, na ukipona, baba atanirudia. Hakuna mtoto aliyewahi kuziombea vali kama nilivyoziombea mimi.

Tukaanza kuutafuta ugonjwa. Baba hakuwa mtu wa kubahatisha. Alianzia stima inapotoka ukutani, akaja nayo hatua kwa hatua kuelekea kwenye antena, na hakuivuka hatua moja kabla hajairidhia. Tulibadilisha vali. Tulichoma upya kwa risasi viungo vya nyaya vilivyochoka. Kisha akanusa ndani ya kabati, akanusa tena, akamwita mama.

Mama, kila Alhamisi jioni, alikuwa akizungusha chetezo cha ubani vyumba vyote, na chumba cha uani hakukiacha. Masizi ya ubani yalikuwa yameganda pamoja na chumvi juu ya vikombe vya kauri vinavyozuia umeme usikimbie. "Mama Saumu," baba alisema kwa upole, "nakuomba chumba hiki usikifukize."

"Kumbe mke mwenza wako hapendi manukato," mama akajibu, akaondoka na chetezo chake. Alitania, lakini niliona imemuuma. Yeye alikuwa akiufukiza ule mtambo kwa heri, ili usije ukamuua mumewe.

Tulisafisha kwa spiriti mpaka kitambaa kikawa cheusi kinachonukia. Tukautazama waya wa antena uliofungwa kati ya minazi miwili. Tukamwagia maji ule msumari mrefu wa ardhini, maana ardhi ikikauka haupokei vizuri. Hatimaye baba akatoa antena, mahali pake akafunga balbu ya kawaida ya nyumbani, akabonyeza kitufe cha kugongea. Balbu ikawaka, ikafuata mkono wake, fupi na ndefu, nyeupe kabisa. Nguvu yote ilikuwa inatoka. Nilitaka kupiga makofi, nikamtazama usoni, nikaacha.

"Mtambo ni mzima," alisema. Akaketi. "Basi ni mwenzangu aliyekufa."

Jumapili iliyofuata hatukuwa na chuo kwa sababu mwalimu alikwenda harusini Kikoneni. Baba aliniita nimsaidie kufunga vitu. Alikuwa ameamua kuupumzisha mtambo, na alitaka tuufunike kwa leso za mama pamoja na ile redio ya pembeni ya kupokelea. Aliiwasha hiyo redio kwa mazoea tu, akaanza kukunja nyaya huku amenipa mgongo. Mimi nikawa naifuta vumbi.

Ndani ya redio kulikuwa na mluzi. Mwembamba, wa juu, ukikatikakatika. Nilisikiliza, mkono ukasimama. Ulikuwa mpigo wa jina la baba la redioni, ule ule aliokuwa akiugonga kwa kijiko kwenye sahani akingoja wali, ambao nyumba nzima tuliujua.

"Baba," nikasema, "anakuita."

Aliendelea kukunja nyaya.

Niliumia. Mtu wake anaita, mimi ndiye niliyemsikia, na hata hilo hataki kulipokea kwangu. Na kurudia siwezi. Nikaendelea kufuta kwa hasira. Palikuwa na kidude kimoja cha kuzungusha ambacho chumvi ilikuwa imekigandisha miaka mingi hata hatukukihesabu. Nikakibana kwa kitambaa, nikakinyonga kwa nguvu zangu zote. Kikalegea, kikazunguka, na ule mluzi ukateremka, ukateremka, ukawa mnene na mzito.

Baba akageuka. "Acha hapo hapo," alisema.

Alikuja polepole, akasikiliza. Akakishika kidude, akakipandisha; uso wake ukabaki mtupu. Akakiteremsha, akatikisa kichwa akifuata mpigo. Akarudia tena kupandisha na kuteremsha, wakati mimi nilikuwa nausikia mluzi muda wote, juu na chini.

"Wewe ulikuwa unamsikia?" aliniuliza.

Nikaitikia kwa kichwa. Akanitazama, akakitazama kile kidude. Halafu akaziwasha vali, akangoja zikolee kama kawaida, akavuta kiti, akamjibu mwenzake. Alikuwa analia. Kumbe mzee wa Shelisheli alikuwa akiita kila Jumapili, akisikia vizuri na kujibu kila mara, na kwa kuwa baba hakupokea, alikwisha kuamini kwamba wa Msambweni akili imemruka.

Mimi nilitoka na fundisho langu la kitoto: baba anapenda sauti nene. Asubuhi yake nikasimama mlangoni, nikavuta pumzi, nikasema, "Shikamoo baba," kwa sauti ya mtu mzima mwenye ndevu. Baba akaacha kazi, akanigeukia.

"Marahaba, mwanangu," akasema. Kisha tena, "Marahaba. Marahaba," akaendelea mfululizo mpaka mama akaja kuuliza ni wageni gani walioingia. Nilicheka, nikaenda shule nikirukaruka. Nikaendelea kumsemesha kwa sauti nzito hivyo hadi nikawa msichana mkubwa, na shuleni walinitania sana.

Mwaka jana nilimpeleka Ukunda kupimwa masikio. Daktari alitueleza kwamba kelele za jenereta huanza kwa kula sauti za juu, za ndege, za watoto, na kuacha za chini, ndiyo maana mtu huweza kuishi miaka asijue kwamba hasikii. Tukiwa njiani kurudi nilimwambia, kwa sauti yangu ile nene, jinsi nilivyodhani ameniondolea radhi, na njia ya shule nilivyoipita nikihesabu makosa yangu.

Akanigeukia.

"Mimi nilidhani wewe ndiye uliyeacha kuniamkia," alisema. "Na mkubwa haombi kuamkiwa. Nikawa najiuliza, nimemkosea nini mtoto huyu." Akaufuta uso kwa ncha ya kikoi. "Ile siku uliyozungusha kile kidude ndipo nilipojua kwamba ulikuwa ukija. Kesho yake nikakuitikia zote za nyuma."