Mtumbwi wa Pombe na Etajeri ya Kamukuzi

Mimi nikiona mti mzee umetupwa, mikono inaniwasha. Mlango ulioliwa na mchwa upande mmoja, miguu ya kitanda, kinu kilichotoboka tako, vyote vinaishia kwangu. Navinunua Mbarara kwa wauza vikuukuu, napakia juu ya gari la mizigo mpaka kwetu kambi ya wakimbizi Nakivale, nasugua kwa msasa, napaka vanishi. Mlango unakuwa meza, kinu kinakuwa stuli ya kuwekea maua. Zamani majirani walisema nimerogwa. Siku hizi wanasema mimi ndiye ninayeroga, maana kuna watu wenye nyumba za vigae wanakuja kuninunulia kinu kilichotoboka na bado wanashukuru.

Baba yangu ndiye hakushukuru. Ni mzee wa goti bovu na mdomo mzima. Akiona kinu kimevaa kitambaa cha sebuleni, anakipa pole.

"Maskini," anasema. "Umri wote umetwanga, leo umekuwa bibi arusi."

Lakini huyo baba alikuwa na jambo lake moja, na jambo hilo halikuwa la mzaha. Tangu tutoke Burundi alikuwa mtu wa kupokea tu. Unga alipokea, maharage alipokea, blanketi alipokea. Majirani wakiwa na pombe walimwita, akaenda, akakaa, akanywa, akarudi ameinama. Kwetu mwanamume mwenye rugo lake, yaani boma lake, huita watu, huwapa cha kunywa kwa mkono wake, na yeye ndiye huonja kwanza ili wajue ni salama. "Nimekunywa ya watu mpaka naona aibu," aliniambia. "Nataka kuita watu mara moja kabla sijafa." Nilimwambia tutanunua kreti ya bia. Aliniangalia kama nimemtukania mama.

Basi nikapata ule mtumbwi. Si mtumbwi wa ziwani; ni ule gogo refu lililochimbwa tumbo, la kukamulia pombe ya ndizi, kwetu tunaita umuvure. Niliukuta Masha kwa mfugaji mmoja. Watoto wake wameokoka, pombe wameiacha, na ndama walikuwa wanalambia chumvi mle ndani. Niliununua kabla hajabadili mawazo. Kichwani nilikuwa tayari na mteja: mama mmoja wa Kamukuzi mwenye nyumba ya wageni, anayependa vitu vya kizamani mradi haviko kwa bibi yake. Nilimwahidi etajeri mbili. Ningeukata mtumbwi katikati, nusu mbili zisimame ukutani, kila moja na vibao vyake vya kuwekea vikombe.

Baba alipouona ukishushwa, aliacha kutafuna. Aliuzunguka. Akaupiga kwa kiganja, akasikiliza.

"Huu unaupeleka wapi?"

"Nauokoa, baba. Naukata katikati."

"Ndiyo kuokoa huko?"

Kesho yake msumeno ukapotea. Nikatafuta chini ya kitanda, juu ya dari, kwenye kuni. Nikamuuliza baba.

"Msumeno? Umeenda kusalimia."

"Kumsalimia nani?"

"Haukusema."

Mama we! Mimi hasira zangu ni maziwa kwenye moto, zinapanda ukigeuka kidogo tu. Nikaenda kuazima msumeno mwingine kwa seremala, nikarudi, nikamkuta baba amelala ndani ya mtumbwi, kofia usoni, anasema goti lake limeomba joto la mti. Sasa utamkata baba yako? Nikangoja aamke. Alipoamka akaujaza maji. Nilipiga kelele mpaka kuku wakatawanyika, maana mti uliolowa haushiki vanishi.

"Umekauka koo," akasema. "Uache unywe."

Na kweli nyufa zikaanza kufunga. Mimi nikadhani ni ukaidi tu wa mzee.

Wiki hiyohiyo akaanza kuchimba shimo nyuma ya nyumba, polepole, goti likimuuma. Nilifurahi. Niliona ametubu, anatuchimbia shimo la takataka. Nikamsifu kwa majirani, nikasema uzee si kukaa bure, mtazameni baba yangu. Majirani wakaangaliana, wakasema kweli, kweli. Hata ile migomba yake michache ya uani, ambayo kwa muda mrefu alikuwa hataki mtu aguse mkungu, nilipoona imekatwa nilijiambia uchoyo umemtoka. Jamani, mimi mwana wa Burundi, nimezaliwa katikati ya migomba, nikaona shimo limefunikwa majani na udongo, nikasema ni takataka! Mtoto wa miaka mitano kwetu anajua ndizi za pombe zinaivishwa shimoni. Lakini macho yangu yalikuwa Kamukuzi.

Kamukuzi ndiko nilikokuwa siku baba na majirani walipozifukua zile ndizi. Nilienda kupima ukuta wa yule mama. Niliporudi nilisikia harufu kabla sijafika mlangoni, tamu, nzito, ya nyumbani. Wanaume wa jirani walikuwa wamekunja mikono ya mashati, wanakanda kwa nyasi ndizi zilizomenywa, juisi inatiririka tumboni mwa mtumbwi. Baba alikuwa amesimama katikati yao, anaamrisha. Sikuwahi kumwona anaamrisha mtu Nakivale.

"Baba!" nikasema. "Kazi yangu!"

Wanaume wakaacha kukanda. Yeye akafuta mikono kwenye suruali.

"Kila kitu kizee unakiokota unakipa kazi," akasema. "Mimi niko hapahapa uani, hukuniona?"

Niliitazama juisi ikipanda ndani ya etajeri zangu.

"Niachie mtumbwi siku ya kuwaita watu tu, mwanangu. Kisha uukate, nitakushikia mwenyewe."

Niliingia ndani nikagongagonga masufuria ili wajue bado nina hasira. Kisha nikatoka na beseni la pili, kwa sababu lile lao lilikuwa dogo.

Walichanganya unga wa mtama, wakafunika kwa majani ya mgomba, pombe ikaachwa ichemke yenyewe. Yule mama wa Kamukuzi akapiga simu. Kwao mwanamke huitwa nyabo kwa heshima.

"Nyabo, kabati yangu iko wapi?"

"Iko hapa, mama. Ina pombe ndani."

Nikajua nimempoteza.

"Tonto? Ya ndizi kabisa?"

"Kabisa."

"Basi ngoja ikwishe. Lakini osha muzuri."

Etajeri ziko kwake leo, zote mbili. Mvua ikitaka kunyesha zinanuka tonto, na anasema hakuna mgeni aliyelalamika.

Siku yenyewe ya kuwaita watu, baba alivaa koti tangu asubuhi. Alikuwa ameandaa hotuba ndefu. Nilimsikia akiwahutubia kuku, na ilikuwa na mababu, na ng'ombe, na ujirani mwema. Watu wakaja baada ya misa, wakajaa uani, wengine wakakaa kwenye stuli zangu za vinu, ambazo siku hiyo hakuzicheka. Alionja kwanza, kama ipasavyo. Akasimama. Akafungua mdomo. Akatuangalia sote, na hotuba yote ikaenda zake.

"Mukunywe," akasema. "Ni yangu."

Watu walipiga makofi mpaka mtoto wa mtu akalia. "Asante, mwenye rugo!" wakasema. Miaka yote ile hakuna aliyewahi kumwita hivyo. Mimi nilijifanya moshi umeniingia machoni, na hapakuwa na moto karibu.

Jua lilipolala wakaanza kuaga. Na mwenye nyumba hamwachi mgeni aende peke yake, humsindikiza mpaka barabarani. Baba na goti lake akamsindikiza wa kwanza, akarudi akihema. Akamsindikiza wa pili. Nikamwambia, "Baba, inatosha, watu wanajua njia." Akasema, "Najua wanajua." Akaenda na wengine, akarudi, akaenda na wengine tena, mpaka uani hapakubaki mtu, ila mimi na vibuyu. Akasimama mlangoni, anatazama huku na huku.

"Nani amebaki nimsindikize?"

"Mimi, baba," nikasema.

Hakucheka. Alinipa mkono, tukatembea polepole mpaka barabarani. Pale akanivulia kofia, akanishukuru kwa kuja, akaniomba niwasalimie wa nyumbani kwangu.